Karatasi Kwenye Vioo

Muuza vifungo alisimama chini ya ngazi ya umeme akiitazama inavyopanda, asijue aanze na mguu gani. Watu walimpita kushoto na kulia: akina mama na watoto wao waliovalishwa nguo za kutokea, vijana wenye viatu vyeupe, mzee mmoja mwenye mkongojo ambaye alikanyaga ngazi ile bila hata kuangalia chini. Yeye alikuwa amevaa suruali ya kijivu iliyopigwa pasi ikakubali, na shati jeupe lililofungwa mpaka kooni. Kwa miaka saba jumba lile la maduka lilikuwa limemnyang'anya wateja mmoja mmoja, na leo ndiyo mara ya kwanza anatia mguu ndani.

Hakuja kununua. Alikuja kuona watu wanafuata nini.

"Kaka, samahani, nishikie mguu huu."

Aligeuka. Dada mmoja mwembamba, gauni la rangi ya udongo, kitambaa chekundu kichwani, alikuwa amekumbatia mguu wa plastiki na mabegi mawili. Kwenye kifundo cha mkono alikuwa amefunga kimto kilichochomwa pini nyingi.

"Mguu wa nani?" aliuliza muuza vifungo.

"Wa yule bibi wa koti la bluu pale dirishani. Anasimama na mmoja tangu asubuhi, ananilaumu."

Akaushika. Akamfuata mpaka kwenye dirisha kubwa la duka la nguo, ambako sanamu la kike lilikuwa limeegemezwa ukutani kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Yule dada alipiga magoti, akauingiza mguu mahali pake, akalitengeneza koti mabegani.

"Kifungo cha tatu si chake," alisema muuza vifungo.

"Unasemaje?"

"Vingine ni vya pembe. Hicho ni cha plastiki, kimepakwa rangi. Na kina matundu mawili, wenzake wana manne."

Yule dada alisogeza uso karibu na koti. Kisha akasimama, akamtazama mgeni wake kuanzia viatu mpaka kola.

"Tangu juzi wamepita watu hapa wasiohesabika, na meneja wangu akiwamo. Hakuna aliyeona. Wewe ni nani?"

"Nauza vifungo. Huko mjini kati, mtaa wa zamani. Nina cha kufanana na hivyo."

"Kumbe kule bado kuna maduka?"

Hakuwa na ubaya wowote aliposema hivyo. Lakini neno lile lilimwingia muuza vifungo kama sindano chini ya ukucha, na ndilo lililomfanya, mtu mzito wa maneno, aseme: "Njoo uone mwenyewe."

Akaja. Kesho yake, saa saba mchana, wakati wa mapumziko yake.

Mtaa wenyewe ulikuwa safu moja ya jengo refu la ghorofa mbili, lenye baraza ya nguzo na sakafu ya vigae vilivyolika katikati kwa miguu ya watu wa zamani. Milango kumi na tisa. Minane ilikuwa wazi. Mingine kumi na mmoja vioo vyake vilizibwa kwa magazeti yaliyogeuka njano, kwa maana mtaa ule ulikuwa na desturi yake: duka likifa, mwenyewe hubandika magazeti kwenye kioo siku ya mwisho, anafunga, anaondoka bila kuaga. Walioachwa walikuwa wakisoma vichwa vya habari vile vya kale kila asubuhi wakienda kufungua.

Duka la vifungo lilikuwa la nne. Ndani, droo ndogo ndogo zilipanda mpaka darini, na mbele ya kila droo kulishonwa kifungo kimoja kuonyesha kilichomo. Kwenye kiti cha nyuma alikaa mama wa mwenye duka, macho yameingiwa na ukungu, vidole vikichambua vifungo kwenye sinia.

"Huyu si mteja," alisema mama kabla hajaambiwa kitu. "Mteja huingia na haraka yake. Huyu anatembea kama anayepima nyumba."

"Shikamoo mama. Nimefuata kifungo."

"Marahaba. Kifungo kimoja? Na umetoka wapi?"

"Jumba la maduka."

"Mbali kote huko kwa kifungo kimoja," alisema mama, na vidole vyake havikusimama. "Haya, mwanangu, mpe dada wa watu kifungo. Usimpe haraka sana."

Mapenzi yao yalianza hivyo, na yakakua kwa simu. Muuza vifungo alimwita dada yule Pini. Yeye mwenyewe aliitwa Vifungo, kama mtaa mzima ulivyomwita.

"Umekula?" Pini alimwuliza jioni moja.

"Nimekula maneno ya Mama Mashuka tangu asubuhi, nimeshiba. Anasema umenifanya ninyoe ndevu."

"Kwani si kweli?"

"Ni kweli, lakini yeye inamhusu nini?"

Mama Mashuka alikuwa jirani wa duka la tano, muuza shuka na mapazia, mjane mwenye sauti ya kusikika mpaka mwisho wa baraza.

"Sikiliza, laazizi," alisema Pini. "Unajua ugonjwa wa mtaa wenu?"

"Nitajie, daktari."

"Mnatoa kila kitu nje. Duka zima mmelibandika kwenye kioo. Mtu akisimama barazani amekwisha kuona yote, aingie kufanya nini? Mwonyeshe kimoja. Kimoja tu, kizuri, chenye mwanga juu yake. Vilivyobaki mfiche mpaka aingie."

"Na asipoingia?"

"Ataingia. Mimi niliingia."

Muuza vifungo alicheka peke yake dukani, simu sikioni. Lakini kicheko chake kilikuwa na mwisho siku hizo. Mwenye jengo, mzee mmoja mpole aliyevaa tai hata nyumbani kwake, alikuwa amewaita wenye maduka wote wanane akawaambia bila kuzunguka. Kuna watu wanataka kulinunua jengo walibomoe, wajenge maegesho ya magari. Yeye amelirithi, analipenda, lakini hawezi kutunza kaburi. Jumamosi ya mwisho ya mwezi atapita mwenyewe. Akiuona mtaa una uhai, atawapa mkataba wa miaka mitano. Akiuona umekufa, anauza.

Wenzake walimchagua Vifungo kuwa kiongozi wao, kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri na hakuwa na ugomvi na mtu. Akaandika vipeperushi kwa mkono wake. Akapita mashuleni, makanisani, misikitini, kwenye ofisi za serikali, akiwaomba watu waje mjini siku ile moja. Shati lilianza kumpwaya. Usingizi ulimpaa.

"Nisaidie madirisha," alimwambia Pini. "Ijumaa tu. Siku moja."

"Ijumaa meneja hanipi ruhusa, mpenzi. Wanabadilisha madirisha yote."

"Yao au yetu, Pini?"

"Usiseme hivyo."

Pini alikuwa na siri. Tayari alikwisha kupanga. Alitaka kumpa kitu cha ghafla. Alikwisha kuzungumza na Mama Mashuka, na Mama Mashuka akazungumza na wengine, wakakubaliana kwamba Vifungo asiambiwe. Ijumaa angekuwa kliniki ya macho na mama yake kutwa nzima. Pini angetoroka kazini. Angepamba madirisha yote manane, na Jumamosi alfajiri mpenzi wake angekuta mtaa mpya.

Basi Ijumaa ile asubuhi alifika na ngazi, taa, sanduku la pini na robota la magazeti. Akaanza kama alivyofundishwa na alivyofanya miaka yote: kwanza unaziba kioo. Huko kwenye jumba, kioo kikizibwa watu hupunguza mwendo. Huchungulia penye upenyo, huulizana kinakuja nini, hurudi kesho yake makusudi. Mpambaji hafanyi kazi watu wakimtazama, kama mpishi asivyokaribisha wageni jikoni.

Mama Mashuka alimtazama akibandika, akakunja uso.

"Mwanangu, karatasi hizi zinanitia baridi."

"Ni za siku moja, mama. Hii ni shela ya bibi harusi, kesho tunafunua."

Mama Mashuka akacheka, akamshikia ngazi. Na wote wanane wakacheka, kwa kuwa wao walijua kilicho nyuma ya karatasi. Hakuna hata mmoja aliyefikiri mtu wa nje angesoma nini.

Huko kliniki muuguzi alikuwa amewaagiza wazime simu. Muuza vifungo alipowasha yake, saa tisa, iliita papo hapo.

"Nimekupigia mara tatu," ilisema sauti ya mwenye jengo.

"Shikamoo mzee. Nilikuwa na mama kwa daktari. Kesho tunakusubiri, mzee, tumejiandaa."

"Safari yangu imesogezwa. Naondoka leo jioni. Nikasema nipite saa sita niwaone, kwa kuwa niliwaahidi. Mwanangu, mngeniambia tu."

"Tukwambie nini?"

"Kwamba mmechoka. Nisingewalaumu. Nimepita na gari mwanzo mpaka mwisho, vioo vyote magazeti. Kumi na tisa. Hata chako."

"Changu?"

"Chako. Nilisimamisha gari nikakitazama, nikidhani macho yangu. Nikaenda ofisini, walikuwa wananisubiri. Nimetia sahihi."

Muuza vifungo aliishusha simu. Mama yake alimshika mkono, akaukuta wa baridi.

"Nani kafa?" aliuliza mama.

Walipofika mtaani, Pini ndiye aliyetoka kwanza, akipenya pembeni mwa karatasi ya duka la nne, nyuzi zimemganda kwenye gauni, midomo imebana pini tatu. Alizitoa, akatabasamu.

"Umewahi kurudi, mchokozi wewe. Ulitakiwa uone kesho."

"Ni wewe uliyebandika?"

"Mimi. Geuka uende zako, usichungulie."

"Yote?"

Tabasamu likaanza kumtoka. "Yote. Kuna nini?"

"Mwenye jengo amepita saa sita. Ameona mtaa umefungwa. Ameuza."

Mama Mashuka, aliyekuwa mlangoni kwake, alikaa chini kwenye vigae kama gunia lililoachiwa.

"Hapana," alisema Pini. "Alisema Jumamosi."

"Miaka mitatu nimekuwa nikipita kwenye karatasi hizi kila asubuhi, Pini. Umeziona. Umenisikia nikizisema. Ungeweza kuniua kwa kitu kingine."

"Kwetu ndivyo tunavyofanya kazi. Kioo kikizibwa watu..."

"Kwenu. Hilo ndilo neno. Nilikuomba mchana kweupe ukasema meneja hakupi ruhusa. Leo nimeondoka, ruhusa ikapatikana. Nani amekutuma?"

"Vifungo."

"Nauliza nani amekutuma. Ni haohao wanaotaka maegesho, au meneja wako?"

Wenye maduka walisikia. Mama alisikia, akasema "Mwanangu, fungua masikio," lakini hakuna aliyemsikiliza. Pini alichoma pini zake tatu kwenye kimto, moja baada ya nyingine, bila kuharakisha.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi na mimi nimemaliza," alisema, akaondoka bila kuchukua ngazi yake.

Jumamosi watu walikuja. Hilo ndilo lililouma. Walikuja kwa ajili ya vipeperushi, wakaja wengi kuliko mwaka mzima uliopita, na walikuta madirisha matano yenye magazeti yaliyochanwa kwa hasira na matatu aliyokuwa ameyakamilisha Pini. Walisimama kwenye hayo matatu. Katika dirisha la Mama Mashuka kulikuwa na shuka moja tu nyeupe, imetundikwa kama inapepea, na taa nyuma yake. Katika dirisha la vifungo kulikuwa na koti jeusi la zamani, la marehemu baba yake muuza vifungo, ambalo mama alikuwa amemwazima Pini kwa siri. Na kwenye koti lile, kifungo kimoja cha lulu kinawaka. Kimoja tu.

Watu waliingia. Waliuliza, walinunua, walisema tutarudi wiki ijayo. Muuza vifungo aliwahudumia kwa uso uliokakamaa, akisema asante, karibu tena, kwa watu ambao hawangekuta mahali pa kukaribia.

Jioni Mama Mashuka aliingia, akaketi bila kukaribishwa.

"Wewe ni mpumbavu," alisema.

"Ndiyo, Mama Mashuka."

"Na mimi ni mpumbavu. Ni mimi niliyemwambia asikwambie. Ngazi niliishika kwa mikono hii. Kama kuna aliyetumwa, ni mimi niliyemtuma."

"Kwa nini hukusema jana?"

"Jana ulikuwa na mdomo mkubwa kuliko wangu. Haijawahi kutokea, nikaduwaa."

Muuza vifungo alimpigia Pini simu. Ilikuwa imezimwa. Jumatatu alikwenda kwenye jumba, akapanda ngazi ya umeme bila kuiona. Dirishani alikuwamo kijana mgeni, akimvua bibi wa koti la bluu.

"Yule dada? Amefukuzwa," alisema kijana. "Ijumaa hakuonekana kazini, na ndiyo siku ya madirisha."

Ilimchukua siku nne kuipata nyumba ya shangazi wa Pini, ambako Pini alipanga chumba cha uani. Shangazi alifungua mlango nusu, mwiko mkononi.

"Ndiye wewe wa vifungo?"

"Ndiye mimi. Shikamoo shangazi."

"Sijaitikia. Unajua ametoka wapi sasa hivi? Kwa mwanasheria wa mwenye jengo lenu. Tangu Jumatatu anakwenda kukaa kwenye kiti cha mlangoni, anaeleza karatasi zilikuwa za nini. Leo wamemwambia asirudi. Alikwenda kuwaambia kosa ni lake peke yake. Wewe ulikwenda kuwaambia nini?"

Shangazi alimtazama, akaufungua mlango wote.

"Marahaba. Pita. Umekonda kama ulimi wa paka."

Pini alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, gauni lilelile la rangi ya udongo, kichwa wazi, macho yamevimba. Hakusimama.

"Wamekataa," alisema. "Mauzo hayarudishwi. Wanasema hata angekuwepo mwenyewe asingeweza."

"Najua."

"Nimewaulia mtaa wenu."

"Mtaa ulikuwa umekufa, Pini. Wewe uliufunika uso tu. Mimi ndiye niliyekuwa nazunguka mji mzima nikimwambia kila mtu kwamba maiti inapumua."

"Usinifariji. Jumamosi walikuja, Mama Mashuka ameniambia. Walikuja au hawakuja?"

Alitaka kudanganya. Akashindwa.

"Walikuja."

Pini alilia basi, kwa sauti, kama mtoto, na muuza vifungo akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji akamshika miguu, kwa kuwa hakuthubutu kushika pengine.

"Nilisema maneno ambayo sina pa kuyaweka," alisema. "Nilikuona na karatasi nikasahau yote niliyokuwa nayajua juu yako. Nisamehe. Unioe... yaani, nikuoe."

Pini alicheka katikati ya machozi, kicheko kibaya, cha pua. "Hata kuposa hujui. Sikiliza. Sitaki kuolewa na majuto. Sasa hivi unaniona nimefukuzwa, unajiona umekosa, unataka kuziba tundu. Na bado una duka, siku ishirini na mbili mlizoachiwa na wanunuzi. Mtu mwenye duka ana pa kusimama. Niulize siku ya kukabidhi funguo. Siku ile huna kitu, huna mlango, mama yako yumo mkononi. Kama bado utaweza kufungua mdomo, nitajua unaniomba mimi."

"Na wewe utajibu nini?"

"Siku ile nitajua."

Siku zile ishirini na mbili walizifanyia kazi. Pini alikuja kila asubuhi, akapamba madirisha yote manane, watu wakimtazama kutoka barazani, kwa sababu hakuziba tena kioo. Watu waliongezeka. Kila aliyeingia aliuliza kwa nini mnafunga na mambo yanaanza kuchangamka, na muuza vifungo alijifunza kujibu swali hilo bila sauti yake kukwama. Mwenye jengo alirudi kutoka safarini, akaja mwenyewe, akasimama mbele ya shuka ya Mama Mashuka muda mrefu. Akavua miwani. Hakuingia.

Tarehe ya mwisho karani wa wanunuzi alifika saa nne na daftari. Mmoja mmoja wakampa funguo. Mama Mashuka alimpa zake akasema, "Mkijenga hayo maegesho msinipe nafasi, sina gari," na hakuna aliyecheka, hata yeye.

Muuza vifungo alimtoa mama yake kwanza, akamketisha barazani. Kisha masanduku. Droo aliziacha, zilikuwa zimejengwa pamoja na ukuta. Alifunga mlango, akampa karani ufunguo. Mkono ulibaki umenyooka kidogo hata baada ya ufunguo kwenda. Kola yake ilikuwa wazi, kifungo cha juu kimekatika, naye hakuwa amegundua. Mbele yake barabara ilikuwa na magari mengi, yote yakielekea upande wa jumba.

Pini alikuwa amesimama kando ya sanduku la mwisho, mikono kiunoni. Hakumsaidia. Alisubiri.

"Sina duka," alisema muuza vifungo. "Sijui kesho nitaamkia wapi kwenda. Nina umri wa miaka thelathini na minane, ninajua vifungo, na hakuna anayevitaka. Mama ananitegemea. Nikikutazama naogopa kuliko nilivyoogopa Ijumaa ile. Nakuomba unioe... Nikuoe. Lolote katika hayo mawili."

Mama aligeuza sikio upande wao. Mama Mashuka aliacha kufunga robota lake.

"Ndiyo," alisema Pini.

"Umesema?"

"Nimesema ndiyo. Inua upande wako, sanduku hili ni zito."